Nazi ya Mwero na Kesi Zake Tatu

Mlipokuja kunisalimu hapa Ukunda, nyinyi mlioapishwa uwakili juzijuzi, mliniuliza kesi gani ilinitesa kuliko zote. Nikawajibu haraka, mauaji, kwa kuwa chai ilikuwa inamwagika jikoni. Kesi ya mauaji ina uzito wake, wanangu, siikatai. Lakini iliyonikosesha usingizi hasa ilikuwa kesi ya nazi. Sasa nimekaa, chai imenyweka, nitawasimulia.

Kwanza niwaondoe wasiwasi. Najua mnajiuliza, huyu mama mbona anatoa siri za mteja? Mwero, ambaye ndiye aliyekuwa mteja wangu, nilimwomba ruhusa nikapewa. Alisema hata jina lake nilitaje. Sikulitaja, Mwero ni jina nililompa mimi, na wengine wote nimewapa majina mapya. Mengine mengi yalisemwa mahakamani, mbele ya watu. Siri ya mteja haiishi kesi ikiisha, wala wakili akistaafu. Mteja akifa, unazikwa nayo na wewe siku yako ikifika.

Mwero alikuwa mkwezi. Kwao ni Kikoneni, lakini riziki yake ilikuwa Diani, kuangua nazi kwenye nyumba za wageni. Wageni hawajui kwamba mnazi unaweza kuua mtu. Wao huupiga picha, hutandika mkeka chini yake wakalala. Ndiyo maana mwenye nyumba yeyote mwenye akili humwita mkwezi kabla nazi hazijakauka.

Mmoja wa waliomwita alikuwa Mwalimu Riziki. Huyu alinisomesha mimi shule ya msingi kule Msambweni. Ndiye aliyenifundisha kuandika insha, na ndiye aliyemwambia baba yangu kwamba mtoto huyu asiozwe, asome. Alipostaafu, yeye na marehemu mumewe walijenga vijumba vya kupangisha wageni. Kando ya ua wake palikuwa na kichochoro cha watu kuteremkia pwani, na minazi miwili imekiinamia.

Siku hiyo Mwero alikuwa juu ya mmoja wa minazi hiyo. Akakata, shada la nazi likaanguka. Chini alikuwa anapita Mwanasiti, mama muuza mihogo ya kukaanga, beseni kichwani. Nazi ilimpata begani, mfupa ukavunjika. Wallahi ingesogea kidogo tu, tungekuwa tunazungumzia mazishi. Akapelekwa hospitali Msambweni, na Mwero akapelekwa kituo cha polisi.

Alipotoka kwa dhamana, Mwalimu alimleta mwenyewe ofisini kwangu. Nikasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mishi. Hujambo, mwanangu? Huyu ni Mwero. Tumepatwa na balaa. Nataka ututetee sote wawili, sisi ni kitu kimoja. Ilikuwa hivi, asubuhi ile mimi nili..."

"Mwalimu, tafadhali, usiniambie kitu kwanza."

Akanitazama vile alivyokuwa akitazama mtoto anayezungumza darasani bila kunyoosha mkono. Nusura ninyooshe mkono, mtu mzima mimi, mwenye ofisi yangu na kibao mlangoni.

Sasa hapa nisimame kidogo, maana hapa ndipo wengi wenu mtateleza. Mteja akiingia, kitu cha kwanza moyo unataka kusikia kisa. Usisikie. Uliza kwanza: nani na nani, na nani dhidi ya nani. Kazi hii nilifunzwa na Wakili Mbwana, Mungu amrehemu, mtu mkali aliyekuwa akila korosho kutwa nzima na maganda akiyatia mfuko wa koti. Yeye alinisimulia jinsi alivyowapokea ndugu wawili wa Vanga waliokuwa na mashine ya kusaga ya ubia. Walikuja pamoja, wakicheka, wanataka mkataba wa kuuza mashine. Kila mmoja akarudi peke yake akamnong'oneza lake. Baada ya muda wakagombana, na Wakili Mbwana akajikuta ana siri za huyu anazozihitaji yule, na za yule anazozihitaji huyu. Akalazimika kuwaacha wote wawili. "Mishi," aliniambia, "kila mmoja aliniita msaliti, na wote wawili walikuwa na haki."

Kwa hiyo nikachukua karatasi tupu, nikawachorea Mwalimu na Mwero hali yao ilivyo, na nitawachorea nyinyi vilevile, maana vitabu vyenu vimelifanya jambo hili kuwa refu bure.

Nazi ni moja, lakini kesi ni tatu. Ya kwanza ni ya jinai. Hiyo ni serikali inamwambia Mwero: kwa uzembe wako umemuumiza mtu. Hapo Mwanasiti ni shahidi tu, si mwenye kesi. Serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha, tena isibaki shaka ya maana, kwa sababu mwisho wake mtu anaweza kufungwa. Mshtakiwa hana lazima ya kufungua kinywa.

Ya pili ni ya madhara. Hiyo ni ya Mwanasiti mwenyewe. Anasema: mlikuwa na wajibu wa kunihadharisha mimi mpita njia, hamkunihadharisha, na kwa sababu hiyo nimeumia. Hapo hatafuti mtu afungwe, anatafuta fidia, na mizani yake ni nyepesi zaidi. Inatosha maneno yake yakionekana kuwa karibu na ukweli kuliko ya upande wa pili. Na anaweza kumdai aliyekata nazi, au aliyemtuma, au wote.

Ya tatu ni ya mkataba. Mwero na Mwalimu walikubaliana nini?

Mwalimu akaruka. "Mkataba gani? Hatujaandikiana kitu hata siku moja."

"Mwalimu, ulimwambia njoo uangue, akasema nitakuja, mkaelewana ujira. Huo ni mkataba. Hata Mwanasiti akimuuzia mtu muhogo ni mkataba, na hakuna anayetia sahihi."

Swali lenyewe lilikuwa hili: Mwero alikuwa fundi anayejitegemea, anayejua mwenyewe namna ya kufanya kazi yake, au alikuwa kibarua anayefuata amri ya mwenye nyumba? Maana jibu la hilo ndilo lingeamua nani abebe lawama ya lile bega. Na kwenye swali hilo, wanangu, maslahi ya Mwalimu na ya Mwero hayakuwa kitu kimoja hata kidogo. Faida ya mmoja ni hasara ya mwengine.

Nikawaambia hivyo. Nikasema naweza kumchukua mmoja, na mwengine nitamwonyesha wakili mzuri wa kumtetea.

"Basi mchukue Mwero," Mwalimu alisema. "Yeye ndiye anayeweza kufungwa." Akainuka, akafunga buibui lake. Hakuniaga kwa mkono. Alikuwa amekuja kwa mwanafunzi wake, na mwanafunzi amemfunga mdomo mlangoni.

Mwero alibaki kitini. Alikuwa mwanamume mwembamba, nyayo ngumu kama soli, mpole wa maneno. Kwenye maelezo yake ya polisi alikuwa amesema kwamba kabla ya kukata alipiga ukelele, "Nazi hiyooo!" kama ilivyo ada ya wakwezi wote. Nikamwambia: "Hapa kwangu niambie kama unavyomwambia daktari. Ukinificha, nitakutibu ugonjwa usio wako."

Akageuka kutazama kama mlango umefungwa. Kisha akasema, "Bi wakili, sikuita."

"Hukuita kabisa?"

"Sikuita. Lakini polisi nimeshawaambia niliita. Na binamu yangu Ndoro atakuja kusema alinisikia kutoka barabarani."

"Ndoro alikuwako?"

"Alikuwa Kikoneni."

Hapa ndipo penye uwakili wenyewe. Mtu wa nje hudhani wakili mwema humtoa mteja mwongo nje, na wakili mbaya humtetea. Si hivyo. Mwero alikuwa na haki ya kutetewa, aliita au hakuita. Ningeweza kuibana serikali ithibitishe kila neno. Ningeweza kumshauri anyamaze, na kunyamaza kwake kusihesabiwe dhambi. Siri yake ningeitunza hata hakimu angeniuliza. Jambo moja tu sikuweza: kumsimamisha Ndoro kizimbani nikijua anakuja kusema uongo. Mimi namtumikia mteja, lakini nimeapa pia kwa mahakama, na kiapo hicho hakina saa ya mapumziko.

Nikamweleza. Akasikitika, si kwa hasira. "Basi huenda nikatafuta wakili mwengine," akasema.

"Haki yako. Na huyo mwengine sitamwambia neno."

Akaenda zake. Nikajua nimemuudhi Mwalimu na nimempoteza Mwero, na yote hayo kabla ya chakula cha mchana. Karani wangu, Bi Asha, akaniletea wali akaniambia, "Leo umefanya kazi ya kufukuza watu." Nikacheka, nikamsukumia yeye ule wali.

Siku chache baadaye akaja ofisini mgeni ambaye sikumtarajia. Mwanasiti, mkono umening'inizwa kwa kanga shingoni. Alikuja peke yake, hana wakili.

Sikilizeni, hapa napo pana mtego. Mtu wa upande wa pili akija kwako bila wakili, huna ruhusa ya kumtapeli kwa upole wako. Usimshauri, usimchimbe, usimfanye aamini kwamba wewe ni wake. Nikamkalisha, nikamwambia, "Mama, mimi ni wakili wa Mwero." Na kweli Mwero alikuwa hajaniondoa bado. "Sikutetei wewe. Lolote utakaloniambia naweza kulitumia kumsaidia yeye. Tafuta wakili wako, na kama huna uwezo, kuna wanaosaidia bila malipo. Bi Asha atakuelekeza."

"Najua wewe ni wa nani," akasema. "Sikuja kwa kesi. Nimekuja kuuliza neno moja tu. Aliita au hakuita?"

Nikafunika kalamu yangu.

"Maana watu wananicheka, bi wakili. Wanasema mkwezi ameita, Diani nzima imesikia, mimi tu nimepita kama kiziwi. Mume wangu mwenyewe ananipimia masikio, ananiita kutoka nyuma ya nyumba aone kama nitaitika. Nimefika mahali sasa najishuku. Nikilala naisikia sauti, 'Nazi hiyooo,' nashtuka. Nisichojua ni kama niliisikia kweli nikaipuuza, au watu wamenitia kichwani. Niambie tu. Bega litapona au halitapona, hilo la Mungu. Lakini kama nina wazimu, nijue."

Wanangu, nilijua jibu. Lilikuwa neno moja. Alikuwa amekaa mbele yangu mwanamke aliyevunjwa bega, sasa anavunjwa akili, na dawa yake ninayo mdomoni, na si yangu kuitoa. Mkifundishwa usiri wa mteja darasani mnaona ni jambo safi, kama kufunga kabati. Hamwambiwi kwamba siku nyengine mtafunga kabati na mtu anakufa kiu nje.

"Siwezi kukujibu, mama," nikasema. "Si kwa kiburi."

"Basi."

"Utaniruhusu nimwambie Mwero kwamba ulikuja, na uliyoniuliza?"

Akafikiri. "Mwambie."

Jioni hiyo nilimpigia Mwero simu nikamweleza kama nilivyoelezwa, bila kutia chumvi. Upande wake palikuwa na mbuzi wanalia. Akakata simu. Kesho yake asubuhi nilimkuta amechutama kwenye baraza la ofisi kabla sijafungua.

Akaniambia sababu ya kutoita. Asubuhi ile ya ajali, katika kijumba kimoja cha Mwalimu palikuwa na mgeni aliyeleta mtoto mchanga. Mtoto alikuwa na homa usiku kucha, ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi. Mwalimu alitoka kwa ncha za vidole, akamwambia Mwero: "Leo angua kimyakimya, mwanangu. Usipige kelele, mtoto asiamke." Na mlinzi ambaye kwa kawaida husimama kichochoroni kuzuia watu, Mwalimu alikuwa amemtuma duka la dawa kumtafutia mtoto huyo dawa.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ningesemaje? Mke wangu alipozidiwa na uzazi, Mwalimu ndiye aliyemtia kwenye gari lake akamkimbiza Msambweni. Mwanangu yuko hai kwa ajili yake. Nimtaje polisi? Nikaona bora niseme niliita, yaishe."

Mmeona sasa? Uongo aliousema kumkinga Mwalimu ndio uliokuwa ukimtia wazimu Mwanasiti, na ndio uliokuwa umeficha utetezi wake mwenyewe. Na kama siku ile ya kwanza ningewapokea wote wawili, ningekuwa nimeketi na utetezi wa mmoja ambao ni shoka kwa mwengine.

Nikamwambia yote bila kumpamba. Akisema kweli, kiongozi wa mashtaka atamsomea maelezo yake ya polisi na kumwita mwongo. Huenda asiaminiwe. Huenda akafungwa vilevile. Akinyamaza, huenda akapona.

"Na yule mama?" akauliza.

"Yule mama si mteja wangu."

"Lakini wewe ungependa nini?"

"Ninalopenda mimi halimo. Wewe ndiye utakayelala ndani."

Akatazama nyayo zake. "Nitasema," akasema.

Mahakama ya Kwale ilijaa siku hiyo. Serikali ilimwita Mwalimu Riziki kama shahidi wake, aeleze kwamba alimwajiri Mwero, na kwamba Mwero ni mzoefu wa kazi yake. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili chake kile kile kilichonyooka. Kisha hakimu akasema, "Wakili, una maswali?"

Nikasimama. Nilikuwa nimewauliza maswali maaskari, majambazi, na daktari mmoja aliyenitukana. Mwalimu wangu sikuwahi kumwuliza. Hakuna hila niliyomfanyia. Sikupaza sauti.

"Mwalimu, asubuhi hiyo katika nyumba yako palikuwa na mtoto mgonjwa?"

Akashtuka. "Ndiyo."

"Ulizungumza na Mwero kabla hajapanda?"

Wakili wa Mwalimu, aliyekaa nyuma akifuatilia, aliinamisha kichwa. Mwalimu alinitazama mimi, kisha akamtazama Mwero kizimbani, naye Mwero akatazama chini kwa haya.

"Nilizungumza naye."

"Ulimwambia nini?"

Hakimu akataka kumkumbusha swali. Mwalimu akainua mkono kidogo, kama kusema nimesikia.

"Nilimwambia asipige kelele," akasema. "Nilimwonea huruma yule mtoto. Sikumfikiria mpita njia. Ni mimi niliyemwambia."

Mwero alipotoa ushahidi wake baadaye, kiongozi wa mashtaka alimpiga maswali mpaka jasho likamtiririka. Ulidanganya polisi? Nilidanganya. Kwa nini tukuamini leo? Akasema, "Sina sababu ya kuaminiwa. Lakini sikuita. Yule mama si kiziwi."

Kwenye mabenchi Mwanasiti alisimama, mkono wake mzima umeshika mdomo. Akasema kwa sauti, si kwa hakimu, si kwa mtu yeyote, "Mmesikia? Mmesikia nyote?" Karani wa mahakama akataka kumnyamazisha, hakimu akamwashiria amwache. Mumewe, aliyekaa kando yake, alimshika kanga akamketisha polepole.

Msitarajie kwamba Mwero aliachiliwa huru. Hakimu alisema, na kwa haki, kwamba kuambiwa usipige kelele si kuambiwa usitazame chini. Angeweza kukataa kukata upande ule, angeweza kungoja mlinzi arudi. Akamkuta na hatia. Lakini kwa kuwa alisema kweli palipomgharimu, na kwa kuwa amri haikuwa yake, hakufungwa. Alipewa kazi ya jamii, kufyeka na kusafisha uwanja wa zahanati. Uwanja wenyewe una minazi. Siku ya pili tu muuguzi mkuu akamwomba awaangulie, akakataa mpaka wamsimamishie watu wawili chini, mmoja kila upande, na mwenyewe akawa anapiga ukelele juu huko mpaka wagonjwa wakalalamika.

Ile kesi ya madhara haikufika mahakamani. Wakili wa Mwalimu alimweleza kwamba amri ile imemtwika sehemu kubwa ya lawama, na Mwalimu hakubishana. Walielewana fidia na Mwanasiti, safari hii kwa maandishi. Bega halikurudi sawasawa. Hawezi tena kukuna nazi kwa muda mrefu, lakini mihogo anauza, na Mwero ndiye humpasulia kuni.

Kwangu mimi Mwalimu hakuja tena. Tukikutana kwenye shughuli za watu nilimwamkia, akaitika marahaba, akapita. Idi mbili zilipita hivyo. Sikwenda kumwomba radhi, kwa sababu sikuwa na la kuombea radhi, na yeye alilijua hilo, nadhani ndilo lililomuuma zaidi. Wateja mtawapata wengi. Mtu aliyekufundisha kushika kalamu ni mmoja, na kazi hii huweza kukwambia umsimamishe mbele ya watu umwulize. Nilimlilia kwa siri, mwanamke mwenye mvi.

Kisha siku moja, karibu na kufunga ofisi kwa adhuhuri, akaingia mzee mmoja wa Mkongani, kofia mkononi, vumbi la safari miguuni. Akajitambulisha kwamba ni kaka yake Mwalimu Riziki, ana jambo zito, na dada yake ndiye aliyemtuma.

"Nilimwuliza," mzee akasema, "mbona unanipeleka kwa huyo huyo aliyekuhoji mahakamani? Mawakili wamekwisha? Akaniambia, 'Nenda kwa Mishi. Utakalomwambia halitoki.'"

Nikamwambia karibu, akaketi. Nikamwomba Bi Asha atuletee maji, nikafunga mlango. Jambo lenyewe lilikuwa nini, hilo siwaambii.